Tulitoa elfu moja kila mmoja, mbona kodi imetutendea tofauti?

Msomaji anauliza:

"Shikamoo mwalimu. Tumezaliwa watatu na kila mmoja anaishi nchi yake: mimi Uingereza, kaka yetu mkubwa Marekani, mdogo wetu Ufaransa. Mwaka 2024, baada ya kumzika mama, tulikubaliana kila mmoja atoe elfu moja ya fedha ya nchi anakoishi kwa shirika la hisani linalohudumia wagonjwa wa saratani. Ulipofika wakati wa kujaza ritani, mdogo wetu alipunguziwa kodi euro 660. Mimi sikurudishiwa hata senti, nikaambiwa shirika ndilo limepata nyongeza. Kaka hakupata kitu, wala shirika alilolipa halikupata nyongeza yoyote. Sasa kaka anasema nafuu hizi zimewekwa kwa ajili ya matajiri, na kwamba tajiri akitoa anapata faida. Ni kweli? Na kati yetu nani ametoa zaidi? Safari hii tunataka kuchangia zahanati iliyo nje ya nchi zote tatu. Je, tukikusanya fedha kwa mmoja wetu halafu yeye ndiye adai nafuu, ni sawa?"

Marahaba, binti, na poleni kwa msiba. Umeuliza mambo matatu. Nitaanza na la nani ametoa zaidi, kwa kuwa likieleweka hilo, mengine yanafunguka.

Mdogo wako ametoa euro 1,000, shirika limepokea 1,000, kisha kodi yake ikapungua kwa 660. Mfukoni mwake zimetoka 340 tu. Zilizobaki zimelipwa na hazina ya Ufaransa, yaani na walipakodi wenzake. Wewe umetoa pauni 1,000, zote zako, lakini shirika limeingiza 1,250. Kaka ametoa dola 1,000, zote zake, na shirika limepokea zilezile 1,000. Ukipima kwa maumivu ya mfuko, wewe na kaka mko sawa na mdogo wenu yuko nyuma sana. Ukipima kwa kilichowafikia wagonjwa, wewe uko mbele. Na ukiuliza kila sarafu moja iliyomtoka mtoaji imefikisha ngapi, mdogo wenu amewaacha mbali: kila euro yake imefikisha karibu euro tatu. Angekubali kuumia kama mlivyoumia ninyi, angetoa zaidi ya euro 2,900.

Wachumi huiita hesabu hii bei ya kutoa: ili sarafu moja imfikie mhitaji, mimi inanigharimu kiasi gani? Kwa kaka ni 1, kwako ni 0.80, kwa mdogo wako ni 0.34. Kila nchi yenye nafuu ya kodi kwa hisani inachezea bei hiyo. Zinapotofautiana ni kwenye nani anaishika ile tofauti na nani anaruhusiwa kuigusa.

Tumtazame kaka, maana yeye ndiye mwenye kinyongo. Marekani ilianza kutoza kodi ya mapato ya sasa mwaka 1913. Mwaka 1917 ilipoingia vitani na viwango vya kodi vikapanda ghafla, wabunge waliogopa kwamba matajiri waliokuwa wakivibeba vyuo na hospitali wangefunga mikono. Wakaruhusu mtu apunguze kwenye mapato yake kile alichotoa kwa hisani, hadi 15% ya mapato yanayotozwa kodi. Mbinu hiyo ndiyo iliyopo hadi leo, ingawa kikomo kwa fedha taslimu sasa ni 60% ya mapato. Unachopunguza ni mapato, kodi yenyewe haiguswi moja kwa moja. Kwa hiyo thamani ya punguzo inategemea ngazi yako ya kodi, yaani asilimia inayotozwa sehemu ya juu kabisa ya mapato yako. Mwenye ngazi ya 12% akitoa dola 1,000 anaokoa 120. Mwenye ngazi ya 37% akitoa hizohizo, hadi mwaka 2025, aliokoa 370. Tendo ni lilelile, shirika ni lilelile, na hazina inamchangia zaidi yule aliyejaliwa zaidi. Hapo kaka yako hajakosea.

Juu ya hapo kuna kizingiti kingine, na ndicho kilichomkwaza. Kila mlipakodi wa Marekani huchagua: ama aorodheshe matumizi yake yanayopunguzika, kama riba ya mkopo wa nyumba, kodi za jimbo na hisani, au achukue punguzo la jumla ambalo halidai risiti yoyote. Sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2017 ililiongeza punguzo la jumla karibu maradufu. Kwa mwaka 2024 lilikuwa dola 14,600 kwa mtu asiye na mwenzi. Mwajiriwa wa kawaida matumizi yake ya kuorodhesha hayafiki huko, basi huchukua la jumla, na hisani yake inamezwa humo bila kuonekana. Kabla ya sheria hiyo, walipakodi kama watatu kati ya kumi waliorodhesha. Baada yake akabaki kama mmoja. Wengi kati ya hao tisa wengine walitoa na wanaendelea kutoa bila kodi kuwatambua, jambo linalokanusha dhana kwamba watu hutoa kwa ajili ya nafuu.

Habari njema kwa kaka ni kwamba kuanzia mwaka wa kodi 2026 hata asiyeorodhesha anaweza kupunguza hadi dola 1,000 za fedha taslimu alizotoa kwa hisani, au 2,000 kwa mume na mke wanaojaza pamoja. Sheria iyo hiyo, ya mwaka 2025, imewabana kidogo walio juu: thamani ya punguzo lao sasa inaishia 35%, na sehemu ya kwanza ya hisani inayolingana na 0.5% ya mapato haihesabiwi kwa wanaoorodhesha.

Kwenu Uingereza njia ni nyingine kabisa, na wageni wengi huielewa vibaya. Mpango uitwao Gift Aid, ulioanza mwaka 1990, unachukulia kwamba pauni 1,000 ulizotoa ni kile kilichobaki baada ya kukatwa kodi ya 20%. Kabla ya kukatwa zilikuwa 1,250. Shirika linakwenda kuzidai zile 250 serikalini. Wewe huoni kitu kwenye ritani, lakini usiseme hukupata nafuu, maana nafuu ilitumwa moja kwa moja kwa wagonjwa. Kama uko kwenye ngazi ya 40%, kuna sehemu yako pia: unaweza kudai pauni 250 zirudi kwako. Wengi hawadai, kwa kuwa hawajui. Itazame hati yako ya mshahara kabla hujaendelea kusoma.

Kuna tahadhari moja. Ile fomu ndogo uliyotia tiki ni tamko kwamba umelipa kodi isiyopungua kiasi ambacho shirika litadai. Mwaka mpango ulipoanza, kima cha chini kilikuwa pauni 600, kwa hiyo walioingia walikuwa na uwezo wa kutosha. Kima hicho kilifutwa mwaka 2000, na siku hizi hata mwanafunzi asiye na kipato hutiliwa tiki mlangoni pa makumbusho. Akigundulika hakulipa kodi ya kutosha, pengo analilipa yeye.

Ufaransa nayo imechagua kuigusa kodi yenyewe. Ukitoa euro 100 kwa shirika linalokubalika, kodi yako inapungua kwa 66, uwe karani au mkurugenzi, mradi hisani yako yote haizidi 20% ya mapato yanayotozwa. Kwa mashirika yanayowapa watu walio kwenye dhiki chakula, malazi au matibabu, kiwango ni 75% hadi kikomo fulani, kisha kinarudi 66%. Inaonekana kama usawa kamili, lakini ina ufa wake: huwezi kupunguziwa kodi usiyodaiwa. Mzee wa pensheni ndogo asiyetozwa kodi ya mapato akitoa euro zake 50, bei yake ya kutoa ni 1 kamili, wakati jirani yake mwenye mshahara mnono hutoa kwa 0.34. New Zealand imeuziba ufa huo kwa kiasi fulani: mtoaji hudai theluthi moja ya alichotoa na kulipwa taslimu. Kanada ilihama mwaka 1988 kutoka mfumo wa Kimarekani wa kupunguza mapato kwenda wa kupunguza kodi, ila ikaweka ngazi mbili: dola 200 za kwanza za mwaka hupata kiwango cha chini, zinazofuata hupata kikubwa zaidi. Ukitoa kidogokidogo unapewa kidogo. Huo uamuzi sijawahi kuupenda.

Ukiniuliza ni ipi bora kati ya kumrudishia mtoaji na kuliongezea shirika, naegemea upande wenu wa Uingereza. Catherine Eckel na Philip Grossman, wachumi, walifanya majaribio ambamo watu walipewa nafuu ya thamani moja kwa sura mbili: marejesho kwa mtoaji, au nyongeza kwa shirika. Kihesabu hakuna tofauti. Kwa vitendo, mashirika yaliishia kupokea zaidi pale nafuu ilipoitwa nyongeza. Mtu anayerudishiwa 25 mara nyingi hubaki nazo, wakati kinadharia angepaswa kuongeza sadaka yake. Ireland ilikwenda mbali zaidi mwaka 2013: ikafuta marejesho kwa watu binafsi na kuipa asasi nafuu yote, kwa kiwango kimoja cha 31%, kwa mtu aliyetoa angalau euro 250 kwa mwaka.

Sasa kwenye tuhuma ya kaka, kwamba tajiri akitoa anapata faida. Kwa fedha taslimu, hapana. Hata kabla ya kikomo cha 35%, aliyetoa dola milioni moja akiwa ngazi ya 37% aliokoa 370,000 na kupoteza 630,000. Hata Singapore, ambako hisani kwa asasi zilizoidhinishwa hupunguza mapato kwa mara mbili na nusu ya kilichotolewa, hakuna anayefaidika: ukitoa 1,000 unapunguza 2,500, lakini ngazi ya juu kabisa kule ni 24%, kwa hiyo unaokoa 600. Ili upate faida ungehitaji ngazi inayozidi 40%.

Mambo yanabadilika pale kinachotolewa ni mali iliyopanda thamani. Chukua Mmarekani aliyenunua hisa kwa dola 100,000 zikafika milioni moja. Akiziuza, anatozwa kodi ya faida ya mtaji, tuseme 20% ya zile 900,000, na kubaki na 820,000. Akizitoa kwa hisani, kodi hiyo ya 180,000 inafutika, na bado anapunguza milioni nzima kwenye mapato yake, ambako kwa kiwango cha 37% cha kabla ya 2026 anaokoa 370,000. Aliyedhaniwa kupoteza milioni amepoteza 450,000 ukilinganisha na kuuza. Hiyo bado ni hasara, lakini ni bei ya kutoa ambayo kaka yako na mshahara wake hawataiona kamwe, hata baada ya kile kikomo kipya cha 35%.

Na kuna wakati ambapo tuhuma ya kaka ilikuwa kweli tupu. Katika miaka ya 1950 ngazi ya juu Marekani ilifika 91%, huku faida ya mtaji ikitozwa 25% isizidi. Mtu wa ngazi hiyo aliyekuwa na mchoro alioupata kwa bei ya bure na sasa unathaminiwa dola 100,000, akiuuza alibaki na kama 75,000. Akiutoa kwa makumbusho, aliokoa kodi ya 91,000. Kutoa kulimlipa kuliko kuuza! Makumbusho mengi ya Marekani yamejaa michoro ya aina hiyo. Sheria ya mwaka 1969 ilibana mianya kadhaa, ukiwemo wa watu waliokuwa wakitoa nyaraka zao binafsi kwa bei waliyoipanga wao na mthamini wao. Aliyenaswa na mabadiliko hayo hakuwa mtu mdogo: Rais Richard Nixon alidai punguzo la zaidi ya dola 500,000 kwa nyaraka za wakati alipokuwa makamu wa rais, na ikaja kubainika kwamba hati ya kuzikabidhi iliandikwa baada ya tarehe ya mwisho, kisha tarehe yake ikarudishwa nyuma. Mwaka 1974 alikubali kulipa kodi ya nyuma inayozidi dola 400,000.

Thamani ndiyo inayodanganya. Magari mabovu yalikuwa yakitolewa Marekani kwa bei ya magari mazima, mpaka sheria ya mwaka 2004 ikasema kwa kawaida punguzo lisizidi bei ambayo shirika limeliuza. Kanada iliwahi kuandamwa na mipango ambapo mtu hutoa kidogo na kupewa risiti ya mara kadhaa ya alichotoa. Mamlaka ya kodi iliwafuata washiriki na kuwanyima punguzo, na wengi wao walikuwa watu wa kawaida walioahidiwa mteremko. Kwa hiyo yeyote akikuambia kuna hisani inayokuachia fedha zaidi ya ulizotoa, ondoka hapo upesi.

Nadhani linalomkera kaka kwa ndani ni kubwa kuliko faida. Mdogo wenu alipoamua euro 1,000 ziende kwa wagonjwa wa saratani, aliamua pia matumizi ya euro 660 za umma, bila bunge wala bajeti. Kwa euro 660 hakuna mtu anayelalamika. Notre-Dame, kanisa kuu la Paris, lilipoungua Aprili 15, 2019, familia na kampuni tajiri za Ufaransa ziliahidi mamia ya mamilioni ndani ya siku mbili, na wananchi wakakumbuka kwamba sheria inairudishia kampuni 60% ya hisani yake. Maana yake ni kwamba kwa kila milioni 100, milioni 60 zingeweza kutoka hazina, ziende kwenye jengo alilolichagua tajiri. Makelele yakawa makubwa kiasi kwamba familia ya Pinault, iliyoahidi milioni 100, ilitangaza haitadai nafuu. Serikali nayo ikapandisha nafuu ya watoaji wadogo wa kanisa hilo hadi 75% kwa euro 1,000 za kwanza.

Hoja yenyewe ni kongwe. William Gladstone, akiwa waziri wa fedha wa Uingereza mwaka 1863, alilieleza bunge kwamba kuisamehe asasi ya hisani kodi ni sawa na kuipa ruzuku kutoka mifuko ya wengine, akapendekeza msamaha ufutwe. Alipingwa na wakuu wa hospitali na makanisa, akarudi nyuma. Sweden imeyumba peupe zaidi: iliweka nafuu mwaka 2012, ikaifuta 2016, ikairudisha 2019.

Italia wana jibu tofauti ambalo mimi hulitazama kwa shauku na wasiwasi pamoja. Kila mlipakodi huulizwa sehemu nane kati ya kila elfu za kodi ya mapato ziende wapi: Kanisa Katoliki, dhehebu jingine lililo kwenye orodha, au serikali kwa matumizi ya kijamii. Mtoaji hapotezi hata senti, kwa hiyo kuiita hisani ni vigumu. Walio wengi hawachagui, na fungu lao hugawanywa kwa uwiano wa waliochagua. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo, maana wachache wanaotia tiki huamua fungu la walionyamaza. Hungary ilifuata njia hiyo tangu miaka ya 1990 kwa 1% ya kodi, na Poland sasa ni 1.5%.

Kwa Waislamu, Malaysia inafaa kutazamwa. Zaka iliyolipwa kwa mamlaka ya zaka huondolewa kwenye kodi ya mtu binafsi ringiti kwa ringiti, hadi kodi iishe. Bei ya kutoa inakuwa sifuri. Majirani zao Indonesia wanairuhusu kupunguza mapato tu. Hizo ni nchi mbili jirani zenye Waislamu wengi, zenye zaka ileile, na kodi inaitazama kwa macho mawili. Australia ni kinyume cha wote: mchango kwa kanisa au msikiti kwa ajili ya ibada hauna nafuu kwa mtoaji, hata kama taasisi yenyewe imesamehewa kodi.

Nani hasa anastahili kuitwa asasi ya hisani ni mgogoro wenye umri wa karne nyingi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1601 ilitoa orodha ndefu, tangu kuwasaidia wazee na maskini hadi kukarabati madaraja. Mwaka 1891, katika kesi ya Pemsel, majaji waliigawa dhana hiyo mafungu manne: kuondoa umaskini, kuendeleza elimu, kuendeleza dini, na mambo mengine yenye manufaa kwa jamii. Mahakama nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza bado zinayatumia. Vita vya leo viko kwenye siasa. Mwaka 2010 mahakama kuu ya Australia ilisema shirika la Aid/Watch linabaki la hisani ingawa kazi yake ni kuishinikiza serikali. Mwaka 2019 mahakama ya juu ya kodi ya Ujerumani ikasema kinyume chake kuhusu shirika la wanaharakati la Attac, kwamba kushawishi sera na maoni ya umma ya namna ile hakustahili nafuu.

Kwa barani Afrika nitaje kwa ufupi, maana najua jamaa watauliza. Afrika Kusini huruhusu punguzo hadi 10% ya mapato yanayotozwa, kwa asasi yenye kibali cha kutoa risiti maalumu. Uganda kikomo ni 5%. Tanzania ni 2% ya mapato ya biashara, na neno la kuangalia hapo ni biashara: mwajiriwa anayekatwa kodi kwenye mshahara hana pa kuidai.

Sasa zahanati yenu. Sheria za kodi huona mipaka ya nchi kwa ukali ambao moyo wa mtoaji hauna. Mkituma fedha moja kwa moja kwa zahanati iliyo nje, kwa kawaida hakuna hata mmoja kati yenu atakayepata nafuu. Kaka lazima atoe kwa asasi iliyoundwa Marekani, isipokuwa mikataba michache kama ya Kanada na Mexico. Wewe, tangu Aprili 2024, hata asasi za Ulaya hazikubaliki tena, ni lazima iwe chini ya mamlaka ya mahakama za Uingereza. Mdogo wenu ana uwanja mpana kidogo, na anadaiwa shukrani na Mjerumani mmoja. Hein Persche alipeleka shuka, taulo, vyombo vya kuwasaidia wazee kutembea na vigari vya kuchezea watoto, vyote vya thamani ya euro 18,180, kwenye kituo cha wazee na watoto huko Ureno. Ofisi ya kodi ya Ujerumani ikamkatalia punguzo kwa kuwa kituo hakiko Ujerumani. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo Januari 2009 iliamua kwamba nchi mwanachama haiwezi kukataa kwa sababu ya mpaka peke yake, mradi mtoaji athibitishe kuwa kituo kinatimiza masharti yaleyale ya nyumbani. Lakini zahanati yenu ikiwa nje ya Ulaya, uamuzi huo haumfikishi huko.

Njia inayotumika ni kutafuta, katika kila nchi, asasi iliyosajiliwa ambayo tayari inaifadhili zahanati hiyo au iko tayari kuifadhili. Muielewe vizuri kazi yake. Haiwezi kuwa bomba la kupitishia fedha zenu. Bodi yake lazima iwe na uamuzi wa mwisho juu ya matumizi na iyafuatilie. Mnaweza kupendekeza, hamwezi kuamuru. Asasi ikiwaambia "leteni tu, tutazituma mnakotaka", basi hata yenyewe haijui sheria.

Msizikusanye kwa mmoja. Kwako Uingereza tamko la Gift Aid ni la fedha zako mwenyewe, si za kukusanya kwa ndugu. Ufaransa risiti hutolewa kwa jina la aliyetoa, na mdogo wenu akidai 66% ya fedha zilizotoka kwenu amedanganya, hata kama nia ilikuwa njema. Kila mmoja atoe kwake, kwa jina lake, kwa benki. Kaka aombe barua ya asasi kwa mchango wowote wa dola 250 na zaidi, inayosema kama alipewa chochote badala yake, kwa sababu tiketi ya chakula cha jioni au bahati nasibu hupunguza au kuua punguzo. Na msilipe bili ya mgonjwa fulani mnayemjua mkidhani itahesabiwa. Msaada kwa mtu binafsi, hata akiwa mahututi, kwa kodi za nchi zenu zote tatu ni zawadi. Muda wenu pia hauna nafuu ya kodi, ingawa kaka akiendesha gari lake kwa kazi ya kujitolea, na kama anaorodhesha, anaweza kupunguza senti 14 kwa maili. Kiwango hicho kimeandikwa ndani ya sheria yenyewe, na hakijasogea tangu miaka ya 1990.

Angalieni na kalenda. Kwa kaka na mdogo wenu mwaka unaisha Desemba 31, kwako unaisha Aprili 5.

Jambo la mwisho mkae mlizungumze: mnaweza kuacha kutoa sawa, mkakubaliana kuumia sawa. Tuseme kila mmoja yuko tayari kubaki amepungukiwa na 500. Wewe unatoa pauni 500 na asasi inapata 625. Kaka, kama yuko ngazi ya 22% na ametoa baada ya kuanza 2026, anatoa dola 641. Mdogo wenu anatoa euro 1,470. Asilalamike mkimwambia atangulize, zile 970 zitamrudia kwenye hesabu ya kodi ya mwaka unaofuata.